Barua pepe ikikwama njiani: kwa wanaotunza seva za kanisa



Swali tunaloulizwa kila mara ni moja: "Tulituma barua, mbona hawajaipata?" Makanisa yetu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hutumia anwani za seva tunayoitunza wenyewe. Humo hupita hesabu za matoleo, mialiko ambayo mtu anaihitaji ili aombe viza, na maombi ya dawa za zahanati. Ombi moja la dawa liliwahi kukaa foleni siku nne bila mtu kujua, na wagonjwa wakasubiri. Tangu siku hiyo, kabla ya kuzima na kuwasha seva, tunasoma kwanza imeandika nini.

Soma jibu

Seva mbili zinapopeana barua, kila jibu huanza na namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 2, barua imepokelewa. Ikianza na 4, maana yake ni "rudi baadaye": barua inabaki foleni na seva itajaribu tena. Ikianza na 5, imekataliwa kabisa na itarudishwa kwa mtumaji. Kwa hiyo mwambie mwenye malalamiko asifute ule ujumbe wa kurudishwa, maana sababu imo ndani yake. Kama hakuna ujumbe, fungua logi. Kwenye Postfix mara nyingi iko /var/log/mail.log, na amri ya mailq huonyesha kila barua iliyo foleni pamoja na sababu ya kukwama.

Namba ya 4 isikutishe upesi. Seva nyingine humkataa mgeni mara ya kwanza kwa makusudi, kwa kuwa watumaji wengi wa barua taka hawarudi kujaribu tena. Angalia saa pia. Ndugu wa Kinshasa akisema alituma saa nne, kwetu ilikuwa saa tano. Tumewahi kupoteza asubuhi nzima kwa kusahau jambo hilo.

Zinaingia, lakini hazitoki

Ukiona "Connection timed out" kwa kila unayemtumia, yaelekea mtoa huduma wa intaneti amefunga mlango wa 25, ambao seva hutumia kupelekeana barua. Wengi hufanya hivyo kuzuia barua taka. Mwombe aufungue, au tafuta seva nyingine ikupitishie barua zako kwa mlango wa 587, ukijitambulisha kwa jina na neno la siri.

Ikiwa barua zinatoka lakini Gmail inazikataa au kuzitupa kwenye taka, tazama DNS. Je, namba ya IP ya seva inarudisha jina la seva? Rekodi hiyo, PTR, huwekwa na aliyekupa namba, si wewe. Je, rekodi ya SPF inaitaja seva inayotuma kweli? Anayeanza kupitisha barua kwa seva nyingine husahau kuiongeza humo. Je, barua zinatiwa sahihi ya DKIM? Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na angalau moja kati ya SPF na DKIM, na anayetuma nyingi awe nazo zote mbili. Wachungaji wanaohamisha barua za kanisa kwenda Gmail zao binafsi wajue kwamba SPF mara nyingi huvunjika njiani. DKIM hubaki, mradi barua isibadilishwe.

"Relay access denied"

Ujumbe huu unaudhi, lakini ni mlinzi mwema. Seva yetu ina kazi mbili: kupokea barua za watu wetu, na kupeleka nje zile wanazoandika wao. Asiye wetu anayemwandikia asiye wetu hana njia hapa. Mchungaji akiuona ujumbe huu kwenye simu akiwa safarini, kwa kawaida simu haijajitambulisha. Rekebisha mipangilio ya kutuma: mlango wa 587, jina, neno la siri.

Usiilegeze seva. SMTP ilipoandikwa mwaka 1982, kupitisha barua ya yeyote ulikuwa ujirani mwema, na watumaji wa barua taka wakautumia vibaya. Sisi nasi, kwa kumhurumia ndugu mmoja aliyekwama Kasumbalesa, tuliwahi kuruhusu kila namba ya IP. Kufika asubuhi foleni ilikuwa na maelfu ya barua za watu tusiowajua, na jina letu limo kwenye orodha nyeusi. Kufunga mlango kulichukua dakika moja. Kuaminiwa tena kulichukua wiki kadhaa.

Intaneti ikizimwa nchi nzima

Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kote kuanzia tarehe 31, ikarudi baada ya siku zipatazo 20. Hapo hakuna marekebisho ndani ya chumba cha seva yanayosaidia. Seva nyingi duniani hujaribu kupeleka barua kwa siku nne au tano tu, kisha humrudishia mtumaji, na Postfix isipobadilishwa hukoma siku ya tano. Aliyeiandikia seva iliyoko Lubumbashi mwanzoni mwa Januari 2019 alirudishiwa barua yake.

Dawa yake ni seva ya pili nje ya nchi, iliyotajwa kwenye rekodi ya MX baada ya ile ya kwanza, nayo iwekewe muda mrefu wa kuhifadhi. Kwenye Postfix ni maximal_queue_lifetime. Yetu tumeiwekea siku 30. Ipokee barua za vikoa vyetu peke yake, na iwe na orodha ya anwani zilizopo, la sivyo itajaa taka za majina yasiyokuwepo. Ijaribuni kabla ya haja: zimeni seva ya Lubumbashi Jumamosi moja jioni, mtu aliye nje aandike barua, kisha Jumapili baada ya ibada muiwashe na mtazame kama imeingia.