Vimondo vya Frieren na Taa za Pate

Hadithi nyingi za mashujaa huishia pale zimwi linapouawa. Frieren, manga iliyoandikwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe, huanzia hapo. Ilipoanza kutoka mwaka 2020 katika jarida la Kijapani la Weekly Shonen Sunday, wasomaji walikutana na watu wanne ndani ya gari la farasi, wakirudi mjini baada ya safari ya miaka kumi. Mfalme wa Mashetani ameshauawa, na sasa wanaulizana watafanya kazi gani. Himmel ndiye shujaa, Heiter ni padri mpenda pombe, Eisen ni mbilikimo wa shoka. Wa nne ni Frieren, mchawi wa jamii ya watu wenye masikio marefu, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja na bado ana sura ya msichana. Kwake, miaka kumi ni sawa na kwenda gengeni na kurudi.

Usiku ule wanatazama vimondo vinavyopita kila baada ya miaka 50. Frieren anasema, kama mtu asemaye jambo dogo, kwamba anapajua mahali vinapoonekana vizuri zaidi, vikirudi atawapeleka. Kisha anashika njia kutafuta elimu yake ya uchawi. Ahadi anaitimiza, lakini Himmel anayemkuta ni kizee mfupi mwenye upara, na vimondo vikishapita hachukui muda mrefu, anafariki. Mazikoni watu wananong'ona kwa kuwa Frieren halii. Machozi yanamtoka kaburi likifukiwa, anapotambua kwamba alitembea na mtu yule miaka kumi na hakujishughulisha kumjua.

Hapo ndipo penye ufundi wa Yamada. Kilio cha ufupi wa maisha tumezoea kukisikia kwa wenye maisha mafupi. Yeye amekitoa kwetu akampa kiumbe asiyepungukiwa na muda. Maskini wa muda ana kisingizio. Tajiri wa muda hana.

Msomaji wa Kiswahili hafiki hapa asimkumbuke Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, wakati fahari ya mji wa Pate ilikuwa ikizama. Utenzi huo si fantasia, wala sitaki kuulazimisha uwe. Lakini majumba yake yenye taa za kioo na shaba, usiku ukang'aa kama mchana, kwa kijana anayeusoma leo yako mbali kama mji wowote wa kubuni. Mshairi anausemesha moyo wake, anaukaripia, anautaka uiache dunia. Kisha anaionyesha dunia yenyewe ilivyogeuka: madaka yaliyopangwa vyombo sasa yamelaliwa na makinda ya ndege, na kumbi zina wadudu wanaolia.

Ndugu wa karibu wa utenzi huo ni kisa cha Mji wa Shaba katika Alfu Lela U Lela. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan anataka mitungi ambamo Nabii Suleiman aliyafungia majini, na Musa bin Nusayr anatumwa jangwani kuitafuta. Njiani Musa na wenzake wanakuta kasri tupu lenye maandishi: wenyewe walikusanya, walitawala, walikufa. Musa anasomewa, analia mpaka anazirai. Tuseme kweli, maandishi yale yanachosha. Yanarudia neno lile lile. Kinachobaki kichwani ni malkia aliyelazwa kitandani, macho yake yamejazwa zebaki hata anaonekana anatazama, na Talib bin Sahl, mmoja wa wasafiri hao, anayenyoosha mkono kuvichukua vito vyake licha ya onyo lililoandikwa palepale. Sanamu mbili za walinzi zinamuua. Mwenzetu amekwishasikia mawaidha yote, hayakumsaidia.

Sayyid Abdalla hana sanamu zenye panga, ana kitu bora zaidi: anavipenda anavyovikana. Ulimi wake unasema dunia haifai, ilhali jicho lake linatua kwenye kila taa, kila chombo, kila dari. Asiyependa asingekumbuka hivyo. Ndiyo maana utenzi uliokusudiwa kutuachisha fahari ya Pate ndio uliotuhifadhia fahari hiyo, huku magofu yenyewe wakulima wakiyapandia tumbaku.

Ursula K. Le Guin alipita njia nyingine. Katika The Farthest Shore, riwaya ya mwaka 1972, mchawi Cob anafungua mlango kati ya uhai na mauti ili asife kamwe. Matokeo yake yanaanza kuonekana kazini kabla ya makaburini: katika kisiwa cha Lorbanery, palipofumwa hariri, watia rangi wamepoteza ujuzi wao, kwingine waimbaji wanasahau nyimbo. Aliyekataa kufa ameufisha ufundi wa wote. Na katika nchi ya wafu, waliokufa kwa kupendana wanapishana njiani bila hata kugeuka. Le Guin alikuwa mfuasi wa fikra za Tao, na mwaka 1997 alitoa toleo lake la Tao Te Ching. Kwake mauti ni sehemu ya uhai. Sayyid Abdalla angemuuliza: na Akhera je? Swali lingekuwa la haki, kwani nchi ile kavu haina rehema wala hesabu. Le Guin mwenyewe hakuridhika nayo. Katika The Other Wind, mwaka 2001, aliubomoa ukuta wa nchi hiyo na kuwafungulia wafu.

Frieren naye anaelekea mahali paitwapo Aureole, ambako inasemekana roho za wafu hupatikana, ili azungumze na Himmel. Ila uzito wa hadithi umo njiani. Katika kijiji kimoja anasafisha sanamu ya Himmel iliyochakaa, kisha anatumia miezi kutafuta ua la buluu la kwao Himmel ili alipande hapo. Fern, mwanafunzi wake, ni binadamu. Anahangaika, maana miezi ile kwake ni mingi. Maua wanayakuta juu ya mnara ulioachwa. Gofu la Pate linamwambia mtazamaji aondoe moyo wake. Gofu hili linampa Frieren kitu cha kumpelekea rafiki. Baadaye tunafahamu kwamba Himmel alikubali kuchongewa sanamu nyingi ili Frieren asibaki mpweke wenzake watakapokuwa wamekufa.

Nikitakiwa kuamua, nitampa Yamada ushindi kwa kisa na Sayyid Abdalla kwa jicho. Mji wa Shaba nauweka nyuma yao, kwa sababu umeamini mno maandishi ya ukutani. Anayetaka kuupima uamuzi huu aanze na anime ya Frieren, iliyotengenezwa na studio ya Madhouse: sehemu nne za mwanzo zilirushwa pamoja Septemba 2023, na ndani yake mna mazishi, sanamu na ua la buluu. Kisha afungue Al-Inkishafi pale penye taa, asome polepole, asiharakie mawaidha.