Kondoo Asiye na Pembe

Somo: Ezekieli 34:17–22

Jioni hii twawaomba mfuatane nasi hadi Modogashe, kule ambako njia itokayo Isiolo kwenda Wajir inafika mpakani mwa Garissa. Ni nchi ya jua kali na miti ya miiba, na mali ya watu wake ni ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Tumtazame kondoo wa kule. Mwili wake ni mweupe, kichwa na shingo ni vyeusi, na mafuta yake ameyaweka makalioni, akiba ya siku za ukame. Ndiye kondoo wa Kisomali. Katika karne ya 19 baadhi ya jamaa zake walivushwa bahari hadi Afrika Kusini, wakaitwa Waajemi. Huko, katika miaka ya 1930, walichanganywa na kondoo wa Kiingereza aitwaye Dorset Horn, akapatikana Dorper, ambaye wafugaji wengi wa Kenya wanamfahamu. Lakini yule Mwingereza ana pembe. Huyu wa Modogashe hana, jike wala dume.

Je, kwa kuwa hana pembe, hapigani? La! Wakutanishe kondoo dume wawili wasiojuana, hasa majike wakiwa karibu, nawe utaona. Kila mmoja hurudi nyuma hatua kadhaa, huinamisha kichwa, kisha hukimbia kwa nguvu zote, na mlio wa vichwa husikika mbali. Wanatafuta kujua nani mkubwa. Basi ugomvi hauanzi katika pembe, huanza moyoni. Pembe ni silaha tu, na asiye na silaha hutumia paji la uso.

Tena msidhani kwamba kichwa kigumu hakiumii. Mwaka 2022 wataalamu walitoa habari za uchunguzi wa ubongo wa wanyama wa nchi za baridi wanaopigana hivyo, wakiwemo kondoo wa milimani wa Marekani wenye pembe kubwa mno. Walikuta dalili za madhara ndani ya ubongo. Hata anayeshinda hulipa.

Nabii Ezekieli aliyajua mambo ya zizini. Anasema juu ya kondoo wanono wanaokula malisho mazuri na kuyakanyaga yaliyobaki, wanaokunywa maji safi na kuyachafua mengine kwa miguu. Huwasukuma walio dhaifu, na nabii anataja ubavu na bega kwanza, ndipo anapotaja pembe. Maana yake ni kwamba mtu aweza kumwonea mwenzake bila silaha yoyote, kwa bega tu.

Na ugomvi wa malisho na maji ndio uliowaua watu wengi kaskazini mwa nchi yetu. Bunduki zilipozidi, wizi wa mifugo ukageuka kuwa vita. Wajir iliwaka moto mwaka 1992 na 1993, mpaka akina mama wa sokoni, pamoja na Bi. Dekha Ibrahim Abdi, walipoanza kuwasihi wazee wakae pamoja. Kisha, Aprili 2001, baada ya ukame mkubwa, wawakilishi wa jamii za wilaya za wakati ule, zikiwemo Garissa, Wajir, Mandera na Isiolo, walifanya mapatano Modogashe. Walikubaliana kwamba anayetaka kulisha mifugo katika eneo la wenzake aombe ruhusa kwanza, asiende na bunduki, na kwamba mifugo iliyoibwa irudishwe na damu ilipiwe fidia. Mapatano hayo yakapitiwa tena Garissa mwaka 2005. Hayakumaliza kila ugomvi. Lakini yalionyesha njia, ile aliyoishika Ibrahimu alipomwachia Lutu achague malisho kwanza, ingawa yeye ndiye mkubwa.

Wafugaji wana hekima moja. Kondoo dume wakigombana, huwafungia kwa siku chache katika zizi dogo sana. Humo hawana nafasi ya kurudi nyuma, na asiyeweza kurudi nyuma hawezi kupiga kwa nguvu. Wanabanana, wananusana, wanazoeana. Ndugu, nguvu ya pigo hutoka katika ule umbali! Wazee wa Modogashe walipokaa kikao kimoja, umbali ulipungua.

Sisi Wakristo je? Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mjini Garissa yalishambuliwa wakati wa ibada, watu wakafa. Mioyo yetu ilirudi nyuma, tena mbali sana, na mwenye hofu huinamisha kichwa upesi. Ndipo viongozi wa Waislamu wakasema kwamba vijana wao watayalinda makanisa. Walisogea karibu wakati sisi tulikuwa tukirudi nyuma. Yatupasa kukiri jambo hilo kwa shukrani.

Tujiulize basi usiku huu. Yuko nani ambaye tumerudi nyuma kutoka kwake? Labda ni jirani wa dini nyingine, labda ni ndugu ambaye tunashiriki naye Meza ya Bwana lakini hatumpi mkono. Twasema hatuna pembe, hatujampiga mtu. Lakini bega letu je? Mchungaji Mwema ameahidi kuamua kati ya kondoo na kondoo. Heri tumsogelee mwenzetu kesho asubuhi, kabla ya siku hiyo.

Tuombe. Ee Bwana, Mchungaji wetu, utusamehe ukali wa mioyo yetu. Uwape mvua na amani watu wa Modogashe na kaskazini yote. Utuweke karibu sisi kwa sisi, katika zizi lako moja. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.