Kitambaa cha Kufutia Vyombo

Historia nyingine haikai vitabuni, inaning'inia kwenye msumari jikoni. Pale kwetu kipo kitambaa cha kufutia vyombo nilichokiokota kwenye mitumba ya Manzese: mjusi, vidoti vyeupe, mistari ya rangi ya udongo, na pembeni neno Australia. Nilidhani ni pambo tu. Kumbe!

Huko kaskazini ya Australia, kijiji cha Yirrkala, aliishi mchoraji wa Kiyolngu, Wandjuk Marika. Baba yake, mzee Mawalan, alimrithisha hadithi ya Djang'kawu, ndugu waliokuja kwa mtumbwi wakafika pwani ya Yalangbara. Walipochoma vijiti vyao ardhini, maji yakabubujika; dada zake wale wakazaa watu wa kwanza wa koo zao. Sasa usidhani hii ni ngano ya kulazia watoto. Kwa Wayolngu, mwenye kuchora hadithi ndiye mwenye dhamana ya ardhi ile. Mwaka 1963, serikali ilipokata sehemu ya nchi yao kwa ajili ya wachimbaji wa boksiti, walipeleka malalamiko Bungeni Canberra yakiwa yamebandikwa juu ya magome ya mti yaliyochorwa. Hati ya kiwanja, tungesema sisi wa mjini.

Basi, siku moja Wandjuk akaingia duka la mjini akaikuta hadithi ya baba yake kwenye kitambaa cha kufutia vyombo. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Miaka ya 1970 alilisimulia jambo hilo hadharani: kwao hakuna mtu ambaye angethubutu kuichora bila idhini yake. Uchungu ulimfanya aache kuchora kwa miaka.

Alifariki 1987. Mwaka 1994 zamu ikawa ya dada yake, Banduk. Picha yake ya Yalangbara ileile ilinakiliwa kwenye mazulia yaliyofumwa Vietnam, watu wakanyage! Yeye na wenzake walishinda Mahakama ya Shirikisho, fidia ikapita dola 188,000 za Australia, na hakimu akahesabu hata madhara waliyoyapata mbele ya jamaa zao.

Wala ubaya si kitambaa. Kisiwani Bathurst, tangu 1969, Watiwi wanachapa vitambaa vyao wenyewe chini ya Tiwi Designs. Hoja ni nani kaulizwa.

Hapo ndipo mie nilipotahayari. Riwaya ninayoiandika tangu nimalize kidato cha nne, sura ya tatu nzima ni hadithi ya Bibi, ile ya kisima. Sikumwambia. Juzi nikaenda kumsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate ya tambuu.

"Mjukuu wangu, umeisema vizuri. Lakini hiyo si yangu. Ni ya shangazi yangu wa Kilwa, mimi kanipa kuitunza tu."

Shangazi mwenyewe keshafariki. Watoto wake wapo. Natafuta nauli.