"Dada, chuo chenu ni cha ngapi?"

 Nilipotea kidogo, mnajua tena mambo ya kazi za makundi na majaribio yanavyobana wiki hizi. Leo nimepata kimbweta chenye kivuli, jua limeanza kupoa, nikaona niandike jambo linalonikaa kichwani tangu juzi.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita. Juzi usiku kanipigia simu, hata salamu hatujamaliza: "Dada, hivi chuo chenu ni cha ngapi?" Nikamuuliza, cha ngapi wapi? "Duniani. Rafiki yangu kanionyesha orodha, chenu sikioni." Nikataka kumjibu kwa hasira, halafu nikajiona mnafiki. Mimi mwenyewe nilipokuwa naomba chuo niliangalia orodha za namna hiyo hiyo. Basi nikamwambia subiri, nitakujibu.

Mimi nasomea ualimu na somo langu ni Historia. Tumefundishwa kwamba ukipewa ushahidi lazima uulize: kaandika nani, lini, na alikuwa anatafuta nini? Nikajiuliza kwa nini hatuulizi hivyo kwenye namba. Nikaingia kusoma, na haya ndiyo niliyokuta.

Wengi tunadhani mambo haya yameletwa na intaneti. Wapi! Yana zaidi ya miaka mia moja. Marekani kulikuwa na mwanasaikolojia anaitwa James McKeen Cattell, profesa wa Columbia. Mwaka 1906 alitoa kitabu kikubwa cha majina ya wanasayansi wa nchi yake, kinaitwa American Men of Science, na majina 1,000 aliyoyaona ni bora zaidi akayawekea alama ya nyota. Toleo la pili lilipotoka 1910 akaongeza jambo jipya: akahesabu kila chuo kina wenye nyota wangapi, akavipanga vyuo kwa hesabu hiyo. Harvard ikakaa juu.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile hamu ya kipimo kisichopendelea mtu. Hakuna kusema "chuo hiki kina sifa", unahesabu tu vichwa. Lakini hebu tuulize: nyota zenyewe zilipatikanaje? Cattell aliwaomba wanasayansi wakubwa wa kila fani wawapange wenzao kwa ubora, kisha akakusanya majibu. Kwa hiyo juu ni hesabu, ukifukua chini unakuta maoni ya wazee wanaojuana.

Kuna jingine. Cattell alikuwa amefanya kazi na Mwingereza Francis Galton, yule aliyeamini kuwa akili kubwa ni urithi wa damu. Naye aliamini hivyo hasa, mpaka akawaahidi wanawe dola 1,000 kila mmoja atakayeoa au kuolewa na mtoto wa profesa. Jamani! Nilicheka peke yangu maktaba mpaka nikatazamwa. Ila ukikaa ukafikiri, si kichekesho sana. Mtu anayeamini ubora unazaliwa nao hana haja kubwa ya kuuliza chuo kinafundishaje. Anauliza tu wakubwa wako wapi.

Mwaka 1911 serikali ya Marekani nayo ikajaribu. Mtaalamu wa ofisi yake ya elimu, Kendric Babcock, alivigawa vyuo 344 katika madaraja manne kwa kuangalia jinsi wahitimu wake walivyofanya walipoendelea na masomo ya juu. Mimi naona swali lake lilikuwa zuri kuliko la Cattell, maana liliangalia mwanafunzi anafika wapi. Lakini rasimu ilivuja kwenye magazeti, wakuu wa vyuo vilivyowekwa chini wakaja juu, Rais Taft akazuia isitolewe. Woodrow Wilson aliyempokea mwaka 1913 naye hakuifungulia. Kwa hiyo jaribio la serikali likafia mezani, na sababu si hesabu kukosewa. Ni kelele za wenye namba mbaya. Wanafunzi wenzangu, hilo mnalijua vizuri, matokeo yakibandikwa nani anapiga kelele zaidi?

Baadaye wengi wakaona bora waulize watu. Raymond Hughes mwaka 1925 aliwauliza wasomi wa kila fani idara gani ni bora. Mwaka 1983 jarida la U.S. News likauliza wakuu wa vyuo, na baadaye likachanganya maoni hayo na takwimu. Hapo biashara ikaanza, kwa sababu mzazi wa Marekani anayelipa ada kubwa anataka kujua ananunua nini.

Sasa twende China, maana orodha aliyoonyeshwa mdogo wangu mizizi yake iko huko.

Mei 1998 Chuo Kikuu cha Peking kilitimiza miaka 100. Rais Jiang Zemin akahutubia, akasema China inahitaji vyuo vya kiwango cha juu duniani. Mpango wa fedha uliofuata ukaitwa 985, yaani mwaka 98 mwezi wa 5. Shanghai Jiao Tong kilikuwa kimoja kati ya vyuo vilivyoingizwa. Pale palikuwa na profesa Nian Cai Liu, msomi wa kemia aliyepata udaktari wake Canada. Yeye na wenzake walijiuliza swali la kawaida kabisa: hao wa kiwango cha juu wako umbali gani kutoka hapa tulipo? Wakatafuta vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kuvihakiki mwenyewe, bila kuuliza maoni ya mtu. Juni 2003 wakatoa orodha yao hadharani, vyuo 500. Kilichoanza kama kazi ya ndani kikazunguka dunia nzima.

Vipimo vyao ni sita. Wahitimu waliopata tuzo ya Nobel au nishani ya Fields ya hisabati, asilimia 10. Walimu waliopata tuzo hizo, asilimia 20. Watafiti wanaonukuliwa sana, 20. Makala katika majarida mawili, Nature na Science, 20. Makala katika faharasa kubwa za kimataifa, 20. Mwisho, jumla ya hayo ukigawa kwa idadi ya walimu, 10. Anayeongoza katika kila kipimo anapewa 100, wengine wanapimwa kwake. Tangu 2003 mpaka orodha ya 2025 wa kwanza ni Harvard, hajawahi kuteremka.

Kisa kidogo cha kuunganisha: lile jarida la Science lilinunuliwa na Cattell mwaka 1894, na akalihariri karibu miaka 50 mpaka alipofariki 1944. Mzee wa nyota bado yumo ndani ya hesabu!

Nikiwa mkweli, hesabu ya Shanghai naiheshimu. Haifichi kitu, imesema inahesabu nini. Taabu inaanza namba ikitoka kwenye swali lake na kutumika kujibu swali lingine. Liu aliuliza sayansi ya China iko nyuma kiasi gani. Mdogo wangu anauliza akasome wapi. Namba ni ile ile. Lakini soma tena vile vipimo sita, unionyeshe ni kipi kinachopima kama mwalimu anaingia darasani. Nimetafuta. Hakipo.

Halafu angalia kinachobaki nje. Kipimo cha walimu kinahesabu Nobel za fizikia, kemia, tiba na uchumi tu. Wangari Maathai, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alipata ya Amani 2004. Abdulrazak Gurnah wetu wa Zanzibar, profesa mstaafu wa Kent, alipata ya Fasihi 2021. Kwa kipimo hicho, tuzo hizo mbili ni sifuri. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyoandaliwa na TUKI pale Dar es Salaam na kutoka 1981, ambayo sijui mwalimu gani wa Kiswahili hajaifungua, haiwezi kutokea Nature wala Science. Kitabu cha Walter Rodney kuhusu Ulaya na kudumaa kwa Afrika, alichokitoa 1972 akiwa mwalimu pale pale Mlimani, ni kitabu, si makala. Kimebadilisha fikra za watu wangapi? Kwenye hesabu ya makala hakimo.

Na tuzo zinahitaji umri. Harvard ilianza 1636. Elimu ya chuo kikuu Tanganyika ilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Tuzo za zamani hupunguzwa uzito kila muongo, lakini bado zinalipa. Vyuo viwili vya Berlin, Humboldt na Freie, viliwahi kugombania nani arithi washindi wa Nobel wa Chuo Kikuu cha Berlin cha kabla ya vita, akiwemo Einstein. Mji uligawanywa, chuo kikazaa cha pili mwaka 1948, sasa marehemu ni wa nani? Kama ndugu wanaogombania shamba la babu.

Pia kuna wanaojifunza kucheza na namba. Mwaka 2010 orodha ya Times Higher Education ilikiweka Chuo Kikuu cha Alexandria cha Misri nafasi ya 147 duniani, na katika kipimo cha kunukuliwa kikawa cha 4, juu ya Harvard. Waafrika tulitaka kushangilia. Kumbe sehemu kubwa ilitokana na mtu mmoja aliyechapisha makala mengi mno katika jarida alilolihariri mwenyewe. Na msidhani ni sisi tu. Mwaka 2022 Michael Thaddeus, profesa wa hisabati wa Columbia, alikagua takwimu ambazo chuo chake mwenyewe kilizipeleka U.S. News akaonyesha hazilingani na ukweli. Columbia ikatoka nafasi ya 2 ikaanguka mpaka ya 18. Jengo halikuhama, walimu ni wale wale.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili limenigusa kuliko simu ya mdogo wangu.

Mwaka jana nilikuwa mazoezi ya kufundisha, shule moja ya kata, shule yenyewe siitaji. Ukutani kulikuwa na karatasi ya matokeo ya kidato cha tatu, kuanzia wa 1 mpaka wa 64. Kulikuwa na binti mmoja, wa 61. Siku nafundisha vita vya Majimaji niliuliza kama kuna aliyewahi kusikia habari zake nyumbani. Akanyoosha mkono. Akaeleza kwa Kiswahili yale aliyoyapata kwa bibi yake wa Songea: maji, mtama, njaa iliyofuata vita, watu kukimbilia msituni. Darasa zima kimya, hata wale wa nyuma. Mimi nilikaa kwenye kiti nikamwachia kipindi. Wiki mbili baadaye nikasahihisha mtihani wake, kwa Kiingereza, swali hilo hilo. Aliandika mistari mitatu. Nikampa alama zinazostahili mistari mitatu, kwa mkono wangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nikisikia "kipimo kisichopendelea" namkumbuka yeye. Sikumpendelea wala sikumwonea, mwongozo wa kusahihisha niliufuata. Na bado namba niliyoandika haikusema nilichokisikia.

Kwa hiyo Januari 2023 NECTA waliposema hawatatangaza tena shule bora na wanafunzi bora, mimi nilikuwa upande wao, ingawa baba yangu alilalamika sana. Anasema bila namba wazembe watajificha. Ana hoja, siwezi kuikataa. Babcock alizimwa na hao hao waliotaka kujificha.

Jana nimemjibu mdogo wangu. Nimemwambia ukweli: kwenye orodha uliyoiona hatumo, na usinisikie nikisema haina maana. Maana yake ni kwamba fedha za utafiti hapa ni kidogo, na hilo utaliona ukifika. Lakini wewe uliza haya. Kozi unayoitaka imeidhinishwa na TCU? Idara ina walimu wangapi waliopo kweli, si walio masomoni? Maabara ilifanya kazi muhula uliopita? Kitabu kimoja maktaba kinagombaniwa na watu wangapi? Waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi?

Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Sasa dada, hizo namba nitazipata wapi?"

Sikuwa na jibu, wadau. Hakuna aliyezihesabu. Nimemwambia apande basi wiki ijayo aje, nitamtembeza idara moja moja aulize mwenyewe.

Ngoja nikawahi foleni ya chakula. Kesho seminari saa moja asubuhi.