Sanamu Ndogo ya Rugaruga wa Mirambo

Mwandishi wa tarikh anayo njia ya kukwepa ambayo mpaka rangi hanayo. Aweza kusema kwamba rugaruga alivaa nguo na kushika bunduki, kisha akapita zake. Lakini mwenye kutia rangi sanamu ya askari isiyozidi milimita 54 hana budi kuamua: nguo ipi, bunduki ya namna gani, na miguu inakanyaga udongo wa wapi. Ndiyo maana kazi hii, iliyodhaniwa na wengi kuwa mchezo wa watoto, yatupima vizuri tunaijuaje Unyamwezi ya zamani.

Askari wadogo wa namna hii walienea Ulaya tangu mwaka 1893, William Britain wa London alipoanza kuwasubu kwa risasi wakiwa watupu ndani, wepesi na rahisi kwa bei. Januari ya mwaka huohuo Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake pale Tabora, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuingia.

Natumchukue basi rugaruga mmoja wa Agosti 1871. Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji kwa ugomvi wake na Waarabu wa Tabora, nao wakatoka kumpiga, Stanley akiwa pamoja nao. Saud bin Said na watu wake waliiteka Wilyankuru, wakawa wanarudi na pembe za ndovu, marobota ya nguo na watumwa. Mirambo alikuwa amewalaza vijana wake katika nyasi ndefu kando ya njia. Wakaliangukia jeshi lile, na Saud akauawa. Baada ya siku chache Mirambo aliingia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdullah akafa huko.

Nguo za kijana wetu zataka uangalifu. Merikani haikuwa nyeupe. Ilitoka Marekani bila kupaushwa, na baada ya safari hufanana na maziwa yaliyodondoshewa chai. Kaniki nayo si nyeusi bali ni nili iliyokolea, na weusi wake uwe katika mikunjo tu. Wageni walioandika habari za rugaruga huwataja wakiwa na nguo nyekundu na manyoya kichwani. Wekundu huo usipakwe mara moja kwa rangi nzito, maana utafunika kila mkunjo; heri tabaka mbili tatu nyepesi. Bunduki ni gobori ya kushindilia kwa mdomo, ndefu, na chuma chake kimefifia kwa moshi wa baruti. Anayempa bunduki ya marisau ya siku hizi ameharibu kazi yote.

Kwenye kitako ndipo wengi hukosea. Hupanda mnazi, kana kwamba Tabora iko Bagamoyo! Agosti ni kiangazi: nyasi zimekauka, miombo imepukutika, na michache imeanza kuchipua majani mekundu kama shaba. Mwembe waweza kuwekwa karibu na tembe la mfanyabiashara, ila usiwe na maembe mabivu, kwa kuwa msimu wake bado. Kichuguu chafaa sana. Kwa nyasi, nyuzi za katani zilizokatwa na kupakwa manjano zinatosha, ingawa mmea wenyewe haukuletwa Tanganyika mpaka mwaka huohuo wa 1893.

Lipo shauri gumu kuliko haya. Wengine watapenda shujaa asimame peke yake katika nyasi zake. Mimi naona kwamba njiani, nyuma yake, lazima kuwe na mzigo ulioanguka, frasila mbili hivi kama alivyozoea kubeba mpagazi, na pembe moja, na kamba yenye tanzi. Mirambo alipigania nchi yake na njia yake. Tena naye alifanya biashara ya pembe na ya watu. Kamba hiyo isifanywe kwa katani. Watu wa huko walisokota gome la miombo, na rangi yake ni hudhurungi, inakaribia wekundu wa udongo inapolala.