Paka uliyepewa ana jina lake tayari: umwachie au umpe jipya?

Mahindi yameingia stoo, na panya nao wamepata habari. Unakwenda kwa ndugu yako wa kijiji cha pili kuomba paka mkubwa anayejua kazi. Unapewa, unamtia kikapuni, unafika naye nyumbani na kumfungulia. Asubuhi hayupo. Siku ya tatu ndugu yako anapiga simu: "Paka wako yupo huku kwetu."

Jina peke yake halimzuii paka kurudi alikotoka. Lakini paka aliyezoea kwamba neno fulani likitamkwa kuna chakula na usalama, huwa na sababu ya kubaki, na huweza kuitwa kabla hajafika barabarani au kwenye shamba lenye sumu ya panya. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuchagua jina hilo na namna ya kumzoesha.

Je, paka hulijua jina lake?

Ndiyo. Mwaka 2019 watafiti wa Japani wakiongozwa na Atsuko Saito walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa paka wa majumbani. Paka alisikilizishwa maneno kadhaa ya kawaida yenye urefu sawa na jina lake, moja baada ya jingine, mpaka akaacha kuyajali. Kisha likatajwa jina lake. Paka wengi walizungusha masikio au kugeuza kichwa, hata pale aliyetamka alipokuwa mtu wasiyemjua.

Hii haina maana kwamba paka anajielewa kama mtu anavyojielewa kwa jina. Amejifunza tu kwamba sauti ile huleta jambo linalomhusu, mara nyingi chakula. Kwa hiyo anaweza kujifunza sauti nyingine pia, hata akiwa mtu mzima.

Wakati wa kubadilisha, na wakati wa kuacha

Kama paka anaitika jina la zamani, nanyi hamna shida nalo, mwachieni. Amehama nyumba, harufu zote ni ngeni, na jina ndilo kitu pekee alichokuja nacho.

Badilisheni ikiwa hakuna anayelijua jina lake, ikiwa linafanana na jina la mtu wa nyumbani, au ikiwa lilikuwa likitajwa kila alipopigwa. Paka akisikia jina akakimbilia uvunguni, jina hilo limekwisha kuharibika.

Jina linalofaa

Liwe fupi. Silabi mbili zinatosha: Soksi, Madoa kwa anayependa tatu, Pusi, Chizi, Tembo kwa wapenda utani. Jina refu hukatwa na kila mtu kwa namna yake, na paka hubaki na majina matano asiyojua lake ni lipi.

Lisifanane na maneno ya kufukuza. Ukimwita paka Toto, fikiria ni mara ngapi kwa siku unasema "Toka!" kwa mbuzi na kwa watoto. Ukimwita Kuki, kumbuka kelele za kuku uani.

Lisifanane na jina la mnyama mwingine. Kama mbwa wako ni Simba, paka asiwe Chimba. Katika jaribio lile la Japani, paka wanaoishi wengi pamoja kwenye mgahawa hawakuonyesha kutofautisha jina lao na majina ya wenzao. Ukiwa na paka wawili, wape majina yaliyo mbalimbali kabisa, na mwite kila mmoja wakati wa kumpa chakula chake.

Lisimvunjie mtu heshima. Kwetu jina la babu au bibi hurithiwa na mjukuu. Kumpa paka jina la mzee wa jirani, hata kwa mapenzi, kunaweza kuleta ugomvi usioisha. Taja jina kwa sauti mbele ya familia kwanza. Mama mkwe akinyamaza ghafla, tafuta jingine.

Angalia kama ni dume au jike. Kwa mtoto wa paka, inua mkia: kwa jike matundu mawili yamekaribiana, kwa dume yameachana. Rangi nayo husaidia. Paka mwenye rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya chungwa, karibu kila mara ni jike. Wa rangi ya chungwa peke yake, wengi ni madume.

Namna ya kumzoesha

Kwanza, mfungie ndani kwa wiki mbili hadi tatu. Mpe maji, chakula, na chombo chenye mchanga au majivu yaliyopoa ya kujisaidia. Huu ndio muda wa kujifunza jina.

Mwite akiwa karibu na akiwa na njaa. Taja jina mara moja, kwa sauti ya upole, kisha mpe dagaa mmoja aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu, kwa sababu kitunguu humdhuru paka damu. Rudia mara tatu au nne kila unapomlisha. Akishageuka kila akiitwa, sogea hatua chache, kisha mwite ukiwa chumba kingine.

Kama ana jina la zamani analoitika, yaunganishe. Aliyekuwa Nyau mwite "Soksi Nyau" kwa siku kadhaa, ukitanguliza jipya. Kisha lipunguzie sauti la zamani, mwisho uliache.

Nyumba nzima itumie jina moja. Na msilitumie kumgombeza. Akipanda mezani, piga makofi au mshushe bila kumtaja jina.

Siku ya kwanza ya kumfungulia, mfungulie kabla ya chakula cha jioni, si baada yake. Mwache azunguke kidogo, kisha mwite.

Asipoitika

Paka weupe wenye macho ya buluu, wengi wao huzaliwa viziwi. Mjaribu kwa kugonga kitu nyuma yake asikokuona. Asiposhtuka kabisa, mzoeshe kwa ishara ya mkono au kwa kukanyaga sakafu aisikie kwa miguu. Paka aliyekuwa akiitika akaacha, tena hali, huenda anaumwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Ukiwa huko, ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo humpata paka pia na kupitia kwake humfikia mtu. Hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, na hurudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Akikuuma au kukuparua paka usiyejua chanjo yake, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Jina utakalolichagua ndilo litakaloandikwa kwenye kadi ya chanjo. Chagua ambalo hutaona haya kulitaja mbele ya daktari, na ambalo utaweza kuliita jioni kutoka mlangoni, jirani wote wakikusikia.