Utafiti wa Maradhi: Kutoka Makunduchi hadi Wawi

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Ndivyo yalivyokuwa matende na busha katika mwambao wetu tangu dahari. Mwenye mguu uliovimba alijitenga na harusi na ngoma. Mwenye busha alijisitiri akanyamaza. Wapo waliodai kuwa busha huletwa na unywaji wa madafu; wengine walisema ni uchawi. Kumbe mlango wa maradhi ulikuwa uani, chooni.

Matende huletwa na mnyoo mwembamba mfano wa uzi, aishiye katika mishipa ya limfu. Watoto wake huzagaa katika damu nyakati za usiku, na mbu amwumaye mgonjwa huwachukua akawapeleka kwa mwingine. Mbu huyo hupenda kuzaliana katika vyoo vya shimo na makaro yenye maji.

Makunduchi, mji wa kusini mwa Unguja uliosifika kwa Mwaka Kogwa, ndipo elimu hiyo ilipotiwa katika vitendo. Mwaka 1988 wananchi walipewa dawa ya dayethilikabamazini, na vyoo vyao vikamiminwa punje nyepesi za polistireni. Punje hizo huelea na kufanya tabaka juu ya maji: mbu hapati pa kutaga, na viluwiluwi hawapati pumzi.

Kabla ya kazi hiyo, watu 49 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na vijidudu hivyo katika damu. Baada ya miaka 5 walisalia 3. Lakini katika mji mwingine, Moga, ambako dawa ilitolewa bila ya vyoo kushughulikiwa, vijidudu vilionekana kurejea kati ya mwaka wa 3 na wa 6.

Tusiwasahau wananchi wenyewe. Vijidudu vya usiku hutafutwa kwa damu ya usiku. Na kumfungulia mgeni mlango wa choo, kwa watu wa haya na sitara, si jambo dogo. Makunduchi haikuhitaji jumba kubwa la utafiti. Mji wenyewe ulikuwa maabara.

Hata hivyo, elimu huhitaji makao. Mwaka 2000 yalifunguliwa makao ya namna hiyo huko Wawi, karibu na Chake Chake, Pemba. Ni Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia aliyefariki mwaka 1993. Humo huchunguzwa minyoo, kichocho, malaria na maradhi mengineyo. Mwaka 2001 Zanzibar ikaanza kuwagawia wananchi wa visiwa vyote albendazoli na ivamektini dhidi ya matende.

Pemba pia ilitoa funzo kwa ulimwengu. Mwaka 2003 ugawaji wa vidonge vya madini ya chuma kwa watoto wadogo, uliokuwa ukijaribiwa kisiwani, ulisitishwa. Ilidhihirika kuwa, penye malaria nyingi, waliopewa walizidi kulazwa na kufa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006, ushauri wa kimataifa ulibadilishwa.

Basi dawa iliyosifiwa ugenini yaweza kudhuru nyumbani, na punje zisizo na thamani zaweza kuokoa mji. Hayo hayajulikani kwa kukisia. Taifa lisilojipima lenyewe hutibiwa kwa vipimo vya wenzake.